Mshenga wa Banda la Saba

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupokea wageni katika eneo letu maalumu la uwekezaji, Afisa Wawekezaji wetu, ambaye wote tunamwita Mshenga, anastaafu tarehe 30 Juni. Mikono yetu imezoea sindano kuliko kalamu, lakini kamati ya kumuaga imesema tuandike sisi wa kiwanda cha mashati, kwa kuwa ndiye aliyetuletea kazi. Basi tunasema tulivyoona.

Jina hilo alijipa mwenyewe. Alisema mwekezaji ni mchumba, anabisha hodi nyumba hadi nyumba, na kila nchi ina binti wa kuoza. Aliwahi kutumwa kutembelea maeneo kama letu katika nchi za wenzetu, akarudi na habari. Kuna waliofuta kodi miaka kumi. Kuna waliojenga mabanda karibu na bandari, wakavuta umeme, mgeni akaja kupokea funguo tu. Na kuna ambao hawakutoa zawadi kubwa, ila vibali vyote vilipatikana kwenye dirisha moja, mgeni akamaliza kabla chai haijapoa. Hao wa mwisho, alisema, ndio ambao wakwe zao hawaondoki.

Mwanzoni naye alivuta watu kwa zawadi. Kiwanda cha viatu kilikuja Banda la Saba kwa ajili ya msamaha wa kodi, kikakaa mpaka msamaha ulipokwisha. Wafanyakazi waliporudi kutoka likizo walikuta sakafu tupu, na mashimo ya boliti pale zilipokuwa mashine. Siku hiyo watu walirudi nyumbani na chakula chao cha mchana hakijaguswa.

Tangu hapo kila mgeni alianza kuonyeshwa banda hilo tupu. Mkurugenzi wa eneo alikuja juu: "Unampelekaje mchumba makaburini kabla hajaona sebule?" Mshenga akamjibu, "Bosi, paa linalovuja mkwe atalijua tu mvua ikinyesha. Bora nimwonyeshe mimi." Wageni wawili waliona banda wakaaga siku hiyo hiyo. Watu wakasema mzee kachoka.

Ndipo akaja mama mwenye kiwanda cha mashati, ameshazunguka nchi tatu. Aliinama, akatia kidole kwenye shimo la boliti, akauliza wale waliondoka kwa nini. Mshenga akasema tuliwapa sababu ya kuja, hatukuwapa sababu ya kukaa: umeme ulikatika ovyo, gundi na nyuzi zililala bandarini, fundi wa mashine aliitwa kutoka ng'ambo. Kisha akamtembeza kwenye kituo kipya cha umeme, dirisha moja la vibali na chuo cha ushonaji pale getini. Mama akachagua banda lile lile. Sakafu ilipopigwa rangi, Mshenga aliomba mraba mmoja uachwe na mashimo yake. Upo hadi leo, karibu na meza za kola. Tunaupita pembeni.

Kasoro yake moja ni kutojitunza. Chakula husahau, na jua lote lile alitembeza wageni kichwa wazi, mpaka tukamshonea kofia ya vitambaa vilivyobaki. Akaisahau kwenye gari la wageni, ikapanda ndege. Akatuambia tusinune, ile ni bidhaa yetu ya kwanza kwenda nje bila ushuru.

Mwaka huu msamaha wa kodi wa mashati nao unakwisha. Tusifichane, usingizi umekuwa wa kuibia. Nchi mbili zinamwita mama, na Mshenga naye anaondoka. Mashine moja ikinyamaza, shingo zote zinageuka. Mwenzetu mmoja alimuuliza, "Mzee, unatuacha na nani?" Hakumdanganya. "Sijui, mwanangu. Mchumba hafungwi kamba." Jibu hilo lilituuma, tena sana, maana tulitaka hata uongo mdogo.

Wiki iliyopita mafundi wa ujenzi walianza kuchimba na kumwaga zege nyuma ya banda. Ni mabwawa ya kutilia kitambaa rangi na kusafishia maji yake. Siku zote kitambaa kililetwa kutoka nje kikiwa na rangi tayari. Mama mwenyewe alimwita Mshenga, akamsimamisha ukingoni: "Haya mzee, na hili nitalifungua boliti niondoke nalo?" Mshenga akashuka aone vizuri, amevaa viatu vipya vya sherehe ya kuagwa, akakanyaga zege bichi. Fundi alikimbilia mwiko asawazishe. Mama akamzuia. Nyayo zipo, zimekauka.

Asante, Mshenga. Kofia nyingine iko tayari, safari hii tumeitia kamba ya kidevuni, usiibishie. Kula kwa wakati, na uzee wako uwe na kivuli na watu wa kucheka nao. Na ukipita getini, usiishie kuchungulia. Ingia. Safari hii tutaanzia sebuleni.