Aikaeli Njau na Fimbo Iliyoharibika

Baba Mchungaji, wazee wa ukoo wa Njau, wakwe zetu wa Mbokomu, majirani na ninyi nyote mliopanda huku juu na tope hili la vuli, poleni, na asanteni kwa kuja. Mimi ni Eliaichi, dada yake marehemu, niliyemtangulia kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mdogo wangu Aikaeli Hosea Njau, nikaambiwa nisome kwa ufupi na nisiongeze neno. Kwenye ufupi nitajitahidi. Kwenye hilo la pili mtanisamehe, kwa sababu tangu Jumanne kuna maneno yanatembea kwenye kihamba hiki, shamba letu hili la ukoo, yanatoka jikoni yanafika mpaka kwenye turubai, kwamba mke wa marehemu, wifi yangu Elisifa, alikaa akizungusha fimbo ya kuvulia samaki ya mteja huku mume wake anakata roho pembeni yake, na wapo waliokwisha kusema kwamba matanga yakiisha mwanamke huyo arudi kwao. Maneno hayo nitayafikia, wala msidhani nitayasahau njiani, lakini historia ina mpangilio wake, mtu huzaliwa kwanza, kwa hiyo tuvumiliane.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 hapa hapa Kidia, Old Moshi, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa mzee Hosea Njau na mama Eliona, ambao wote wameshatangulia mbele ya haki, akabatizwa mwezi wa nne mwaka huo huo, na mama alikuwa akitusimulia kwamba siku ya ubatizo alirusha miguu mpaka mchungaji wa wakati ule akamwomba baba amshike kwa mikono miwili. Alitembea mapema, alipanda miti mapema, na alianguka mapema pia.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1974 kwenye shule ya msingi ya hapa kijijini, akamaliza la saba mwaka 1980, ingawa katikati ya miaka hiyo walimu walimwona kwa nadra, kwa sababu bondeni kulikuwa na mto, na mtoni kulikuwa na samaki wadogo, ambao aliwavua kwa kijiti cha mbuni na uzi wa kushonea magunia. Mama Eliona, kama wazee wengi wa kwetu wa enzi zile, hakutaka kabisa kuona samaki kwenye sufuria yake, alisema ni nyoka wa majini, kwa hiyo Aikaeli aliwachoma kwenye bati nyuma ya zizi na kuwala na moshi wake. Baadaye aliendelea na sekondari kuanzia mwaka 1981 hadi 1984, na matokeo yake ya kidato cha nne sitayasoma hapa, maana hata yeye mwenyewe hakwenda kuyaangalia.

Mwaka 1986 alianza kubeba mizigo ya wageni mlimani, na mwaka 1993 akapata leseni ya kuongoza wageni hao, kazi iliyomfaa kuliko zote, kwa sababu alilipwa kwa kutotulia. Akishuka Jumamosi, Jumatatu alikuwa amesharudi getini anaulizia kundi lingine. Septemba 2004 aliteleza wakati wa kushuka, goti la kulia likavunjika vibaya, akafanyiwa upasuaji, na daktari akamwambia kwamba mlima sasa basi. Jamani, mlioishi naye miezi ile mnajua tulichokipata. Alihamisha banda la ng'ombe, akalirudisha lilipokuwa, aling'oa mibuni mizima akapanda mingine, akawa anatembea barazani na magongo yake, huku na huko, huku na huko, mpaka Elisifa akamwambia atatoboa sakafu.

Ilipofika Mei 2005 ndipo alipokuja mwalimu mstaafu wa Kilema, mwalimu Sirili, ambaye leo amekaa pale karibu na kwaya, akiwa na fimbo yake ya kuvulia samaki imekatika katikati, kwa kuwa alikuwa akienda kuvua kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu kila alipopata nafasi, na alikuwa amesikia kwamba waongozaji wa mlimani wanajua kuunga fito za mahema. Aikaeli aliiunga, hakuipenda, akaivunja mwenyewe, akaiunga upya, kisha akamwomba mwalimu amletee nyingine hata kama ni nzima. Tangu siku hiyo stoo yetu ya kahawa ikageuka karakana, na kwa miaka ishirini zikatoka humo fimbo zilizokwenda Arusha, Tanga, Pangani na kwingine ambako sisi wengine hatutafika, nyingine mpya kabisa na nyingine za kukarabati, na hakumtengenezea mtu fimbo kabla ya kumpima mkono na kumsimamisha hapa uani arushe mshipi, ndiyo maana ofisa mmoja wa Arusha, mtu na tai yake, aliwahi kunasa shuka la Elisifa kwenye kamba ya nguo na kulivuta mpaka kwenye kinyesi cha ng'ombe. Mama Eliona naye, Mungu amrehemu, alikuta fito ndefu zimesimamishwa mlangoni, akachukua moja iliyokuwa imeagizwa kutoka nje, akaegemezea mgomba wa mshare uliolemewa na mkungu, na Aikaeli, ambaye hakuwahi kusubiri chochote, alisubiri mkungu ule ukomae, ukatwe, uliwe, ndipo akachukua ufito wake.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri, hasa ninyi wanaume mliosimama kule nyuma mnaongea. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: alichukua ufito mtupu, akauviringisha mezani akiukunja kwa kiganja mpaka aupate upande wake mgumu, akautia alama ya chaki, akapanga vipete vya kupitishia mshipi, akavifunga kwa uzi mwembamba, na juu ya ule uzi akapaka vanishi nzito ya kuchanganya. Vanishi hiyo haikauki upesi, na kabla haijashika inatiririka, kwa hiyo fimbo lazima izungushwe polepole, bila kusimama, kwa saa tatu au nne, na ukiiacha tu inashuka yote inaganda upande wa chini kama uji uliomwagikia ubavuni mwa sufuria. Mashine ya umeme ya kuzungushia hakuitaka, maana umeme wa huku tunaujua, akawa anazungusha kwa mkono, na hicho ndicho kitu pekee duniani kilichomkalisha Aikaeli chini. Mkono ukichoka alimkabidhi mgeni aliyekuwepo. Hakuna mtu aliyekuja kumpa shikamoo akaondoka bila kuzungusha fimbo, Baba Mchungaji umezungusha, wazee wa kikao mmezungusha huku mnalalamikia mabega, hata hao wanaosema maneno wamezungusha, na wote mliwahi kugombezwa kwa kusimama kidogo tu kupokea simu.

Marehemu alifunga ndoa takatifu tarehe 6 Januari 1996, hapa hapa usharikani, na Elisifa, binti wa Mbokomu, ambaye alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na ambaye baadaye alizoea kusema kwamba yeye aliolewa na upepo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Godwin, aliyezaliwa mwaka 1997 na ambaye anafanya kazi Dodoma, na Loveness, aliyezaliwa mwaka 2001, ambaye ni muuguzi, pamoja na mjukuu mmoja, Gladys, huyo anayekimbia kati ya viti muda huu wote na ambaye naomba asikatazwe, kwa sababu tunajua alikoitoa tabia hiyo. Miaka ya mlimani Elisifa ndiye aliyekamua, aliyepalilia, aliyechuma kahawa na kuwapeleka watoto kliniki, na miaka ya goti ndiye aliyemwogesha. Hayo yamo kwenye historia ya marehemu, mtu asiseme nimeyaongeza.

Kuhusu kuugua kwake, mwaka 2019 marehemu aligundulika kuwa na shinikizo la damu, akapewa dawa, akawa anazimeza akikumbushwa, na Februari 2023 madaktari wakasema moyo umechoka, apumzike. Kumwambia Aikaeli apumzike ilikuwa sawa na kumwambia aruke angani. Elisifa alimfichia viatu ili asishuke bondeni, akashuka na kandambili, alimfungia stoo, akaingilia dirishani na goti lile bovu, wakagombana, wakapatana, na katika wiki za mwisho nilipokuwa nikija nilimkuta wifi amekonda kuliko mgonjwa.

Tunafika Jumanne. Tarehe 11 Novemba 2025, asubuhi, marehemu alikunywa chai, akala mtori kidogo, akaingia stoo, akapaka vanishi fimbo aliyokuwa ameahidi kuimaliza wiki hiyo, akaanza kuizungusha. Haukupita muda akamwambia mkewe kwamba kifua kinabana na mkono wa kushoto umekuwa mzito, na Elisifa akamwambia waondoke saa hiyo hiyo, akakataa, akasema waache kwanza vanishi ishike. Ndivyo alivyokuwa, sitampamba kwa sababu amelala hapa. Elisifa hakubishana naye, alimpigia simu Lucky, mtoto wa kaka yetu, mwenye gari, ambaye alikuwa mjini, na Lucky yupo hapa, simu yake anayo, atawaonyesha saa aliyopigiwa. Kisha, kwa kuwa barabara ya kuingilia huku ilikuwa tope tupu, alikimbia hadi njia panda kutafuta watu wa kusukuma gari, na aliporudi alimkuta mumewe ameegemea ukuta, kichwa kimelala begani, na fimbo imebanwa kwapani. Ili aweze kumlaza chini ilibidi aichomoe ile fimbo. Ameichomoa, ameishika mkononi, ndipo jirani yetu Veronika akaingia na dumu lake la maziwa, akaona alichokiona, mume ameinama na mke amesimama na fimbo. Veronika simlaumu, aliona kweli. Waliobaki ndio walioongeza kuzungusha. Lucky alifika, yeye, Elisifa na Veronika wakambeba, na hospitali walipofika madaktari wakathibitisha kwamba marehemu alikuwa ameshatutoka.

Mimi nilimuuliza Elisifa juzi kwa nini hajibu haya maneno, akaniambia hana nguvu ya kujibu, na kwamba wakitaka aondoke wamwache kwanza amzike. Nilishindwa kukaa. Nilizunguka kihamba hiki kama yeye marehemu, nikaingia stoo, nikaikuta ile fimbo sakafuni pale pale ilipoangushwa, nikaichukua nikaitoa nje kwenye mwanga, na ndugu zangu, fimbo ile imeharibika. Vanishi yote imetiririka upande mmoja, kila pete ina donge limening'inia chini kama sikio la mbuzi, na limeganda hivyo. Haikuzungushwa. Hakuna mtu aliyeizungusha, wala dakika zile wala baada yake, na hilo siwaambii mimi, mnajiambia wenyewe, kwa sababu mikono yenu yote imewahi kuishika kazi ile na mnajua donge linatokana na nini. Iko pale barazani, imeegemezwa mlangoni, mtaiona mkienda kunawa. Mzee Kornel, kiongozi wa ukoo, ameiangalia jana jioni, ameigeuza, akairudisha pale pale, na mimi namshukuru kwa hilo. Katika miaka ishirini hiyo ndiyo fimbo mbaya kuliko zote zilizotoka kwenye stoo ile, na kila nikiitazama natokwa na machozi ya shukrani, kwa sababu mwanamke aliyekuwa anaijali fimbo asingeiacha ikawa vile.

Kwa hiyo, wazee wangu, kwa heshima zote, tukifika kaburini Elisifa ndiye atakayeanza kuweka udongo, watoto wake watamfuata, halafu sisi, na jioni watu wakitawanyika atalala kwenye nyumba yake, kesho atakamua ng'ombe wake, na mwakani atachuma kahawa yake. Mwenye neno tofauti asilipeleke jikoni, anipe mimi, nakaa nyumba ya pili kutoka hapa na huwa ninaamka mapema.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya mjini waliomhudumia ndugu yetu tangu mwaka 2019, mgonjwa ambaye hakulala kitandani hata siku waliyomfunga dripu, inawashukuru majirani waliofunga turubai na kukata ndizi, vijana waliosukuma gari siku ile na tope likawafika kiunoni, waongozaji na wabeba mizigo waliofanya naye kazi mlimani, mwalimu Sirili na wavuvi wenzake wote, Baba Mchungaji na kwaya, na Veronika pia, ambaye tangu asubuhi anapika pamoja na wifi yangu jikoni, na nimewaona wakishika sufuria moja.

Aikaeli, mdogo wangu, fimbo hiyo usihangaike nayo, mteja mwenyewe ameshaambiwa kwamba imeharibika na amekubali. Mke wako yuko nyumbani kwake. Pumzika sasa, na iwe kwa amani.