Mama Ilikuwaje Anaaga

Ifikapo tarehe 30 Juni, dada yetu wa idara, ambaye chuo kizima kinamwita Mama Ilikuwaje, atastaafu baada ya kufundisha hapa miaka thelathini na mmoja. Atakayerithi ofisi yake ajue mapema: dirisha halifungi na kiti kinayumba.

Alipofika, historia ya uchumi na jamii ilifundishwa ghorofa ya chini, sera za umma ghorofa ya juu, na walimu wa pande hizo walisalimiana shingo upande. Yeye ndiye aliyeziunganisha katika shahada moja. Alikuwa akitutania kwamba wa juu tunajua kuuliza tufanyeje tu, na wa chini ilikuwaje tu. Tangu hapo, ole wake mwanafunzi aliyefungua mdomo na tufanyeje kabla ya ilikuwaje! Alirudishwa maktaba papo hapo.

Mwaka mmoja wanafunzi walikuja wakitamba na mpango wa kuhamishia soko nje ya mji. Akawauliza swali lake. Wakaenda kufukua magazeti ya zamani, wakarudi wameishiwa pozi: soko liliwahi kuhamishiwa huko huko, na wauzaji wakarejea mjini mmoja mmoja, maana wateja wao walikuwa watu wa kwenda kwa miguu na hawakuwafuata. Na mhandisi aliyepanga uhamisho ule, jamani, alikuwa mumewe! Juma lililofuata shemeji yetu alisimama mbele ya darasa, mikono mfukoni, akaeleza alivyochemsha. Aliyecheka kuliko wote ni mkewe.

Mwaka jana zikaja habari kwamba akishaondoka, shahada itavunjwa na kila somo lirudi ghorofa yake. Hapo utani ulimwisha. Chai yake ilikuwa ikipoa mezani haijaguswa. Alituambia wazi kuwa kustaafu hakumwogopeshi hata kidogo, kinachomuuma ni kuona kazi yake ikibomolewa angali anafungasha vitabu. Nasi, tuseme ukweli, tulishakata tamaa.

Juma lililopita kikao cha uamuzi kilikaa. Mwenyekiti, ambaye enzi zake naye alirudishwa maktaba kama wengine, alifungua faili, akakohoa kidogo, na badala ya kuuliza tufanyeje na shahada hii, akauliza ilikuwaje hata ikaanzishwa. Mama alisimama kueleza, kisha akakaa tena na kutuelekezea mkono. Basi tukaeleza sisi, wa juu na wa chini, tukidakizana kama watoto. Shahada imebaki.

Dada, asante kwa kutusumbua miaka yote hii. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi, na nafasi ya kumtania shemeji kila mkipita sokoni. Ilikuwaje, tumeshajifunza kuieleza. Tufanyeje bila wewe, hilo halimo hata maktabani.