Mama Pierrette Aliyechimba Gunia Mpaka Chini

Wasikilizaji wapendwa, mlio hapa Nchelenge kando ya ziwa na mlio kisiwani Chisenga, punguzeni moto jikoni mkae nami kidogo. Leo tunamkumbuka Mama Pierrette, muuza chisense. Alifariki Jumatatu kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka sitini na mmoja. Mama Pierrette, muuza chisense. Wengi mlimjua kwa mkono wake.

Mkono gani, utaniuliza. Chisense, hawa samaki wetu wadogo kuliko kidole, huanikwa juu ya mchanga. Wenye hila huweka wazuri juu ya gunia, na chini wanaficha mchanga na walioloa. Mama Pierrette alipokwenda kununua hakutazama juu. Alizamisha mkono mpaka kwapani, akatoa konzi ya chini kabisa, akainusa. Wavuvi walinuna. Yeye aliendelea kunusa.

Alizaliwa Pweto, ng'ambo ya ziwa. Mwaka 2017 alivuka kwa mtumbwi na binti yake Vicky, wakapokelewa kwenye kambi ya wakimbizi ya Kenani. Vicky ananiambia: "Siku ya kwanza pale, batu balikuwa banalia. Mama yeye anauliza maswali. Chumvi inatoka wapi, maji inatoka wapi, nani alipima ile maji."

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Miaka miwili iliyopita watafiti walituletea hapa redioni karatasi kuhusu uji wa watoto uliochanganywa na unga wa chisense. Kurasa tisa. Nilisoma mistari mitatu ya juu, chai mkononi. Kisha nikawaambia, wasikilizaji wapendwa, kwamba utafiti umethibitisha: chisense inaongeza damu na inashinda malaria. Nilijiona msomi kabisa siku hiyo.

Soko likachangamka. Kabla ya saa sita mchana gunia la Mama Pierrette lilikuwa karibu tupu. Akaja jirani yake Arlène, na mtoto wake Méschac mgongoni. Méschac alikuwa na miaka minne, na mwili ulikuwa unawaka homa.

"Ku kliniki hawakumupatia dawa?" akauliza Mama Pierrette.

"Balimupatia ya malaria, ya siku tatu. Nilimupa siku moja, nikaacha. Redio ilisema chisense inatosha."

Mama Pierrette hakumuuzia. Aliacha gunia wazi, akamshika Arlène mkono, wakarudi kliniki. Mtoto akatundikiwa maji palepale. Muuguzi aliwaambia kwamba hata kesho yake ingekuwa kuchelewa.

Kisha Mama Pierrette akaja hapa studio, harufu ya samaki ikimtangulia.

"Papa Didier, ile makaratasi iko wapi? Batoto balikuwa bangapi?"

Nikaitoa mezani, nikaanza kupekua kurasa.

"Na bale hawakukula chisense, bao balikuwa namna gani?"

Nikarudi kwenye mistari ileile mitatu ya juu.

"Bon, basi. Ulishika ya juu tu. Ingiza mukono mpaka chini."

Tukaisoma pamoja, yeye akiuliza, mimi nikitafsiri. Watoto walikuwa arobaini, wote walikula ule uji; wasiokula, wa kulinganisha nao, hawakuwekwa. Damu iliongezeka kidogo, kwa watoto kumi na mmoja. Malaria haikupimwa kabisa. Neno hilo lilikuwapo mara moja tu, ukurasa wa tisa: mtoto mwenye malaria aendelee na dawa zake. Ile habari ya kushinda malaria niliiongeza mimi mwenyewe, kwa sababu ilipendeza kusema.

Jioni ile nilijisahihisha hewani, yeye akiwa ameketi kando yangu. Wauzaji wenzake walimkasirikia wiki nzima, wakisema anawaharibia soko. Akawajibu, "Chisense ni chakula muzuri. Miye nauzisha chakula." Tangu hapo, kila karatasi ya afya ilipofika, nilimpigia simu kwanza. Mara nyingine alicheka tu, nikajua nimepotea.

Jana niliandika kumbukumbu hii, nikaipeleka msibani ili Vicky aisome. Nilikuwa nimeandika kwamba mama yake aliokoa watoto mia moja. Huzuni ilinizidi, kalamu ikaenda yenyewe. Vicky aliweka kidole kwenye mstari ule.

"Papa Didier, bale mia ulibahesabu?"

Nikatoa kalamu, nikaukata ule mstari.

"Ni mutoto mumoja. Andika mumoja."

Basi, Vicky, pole sana wewe na familia yote, ya huku na ya Pweto. Nami nimeumia, sina tena wa kumpigia simu. Nawe msikilizaji, ukiletewa habari ya dawa, iwe kwenye simu yako au kutoka kinywani mwangu, uliza walikuwa wangapi, na wale wengine ilikuwaje. Mimi nitajitahidi kuwa na jibu.

Wasikilizaji wapendwa, Mama Pierrette, muuza chisense, aliokoa mtoto mmoja. Anaitwa Méschac. Ana miaka sita. Jana nilimkuta msibani, amekaa kwenye mkeka, anakula bukari, ugali wa kwao, na chisense.