Solomon Muriuki Gathecha, Mhandisi Aliyekataa Kutia Sahihi

Mchungaji, ndugu na marafiki mliofika hapa Perry Barr, Birmingham, kutufariji, familia inawaomba utulivu tuwasimulie habari za mpendwa wetu, na wengi wenu mtaisikia leo kwa mara ya kwanza kazi aliyoifanya, kwa sababu kiapo cha kutunza siri kilimfunga mdomo, na mwajiri wake ameturuhusu kusema machache tu.

Solomon Muriuki Gathecha alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Ol Kalou, Nyandarua, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Gathecha na marehemu Mama Nyambura. Alisoma shule ya msingi na ya upili huko huko, akajiunga na chuo cha ufundi Nairobi mwaka 1987, kisha akatengeneza injini za ndege ndogo katika Uwanja wa Ndege wa Wilson hadi Septemba 1998, alipokuja Birmingham kusomea uhandisi, akiishi Selly Oak katika nyumba ya wanafunzi saba wenye jiko moja.

Tarehe 16 Agosti 2003 alifunga ndoa na Roselyne, muuguzi, wakajaliwa binti mmoja, Nyambura, aliyepewa jina la bibi yake, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 2006.

Mwaka 2005 aliajiriwa na kampuni ya vipuri vya injini, na mwaka 2010 akaingizwa katika mradi wa ndege ya kivita ya kumwahi adui angani, ndege ambayo king'ora kikilia inapaswa kuwa hewani ndani ya dakika chache, ipande kilomita kumi na tano, iende kwa kasi mara mbili ya ile ya sauti, na imwone adui kwa rada kabla yeye hajaiona. Solomon alikabidhiwa vali inayopeleka mafuta kwenye injini, kifaa kisichozidi ngumi ya mtoto, na Februari 2014 akagundua kwenye majaribio kwamba katika baridi kali ya huko juu vali hiyo hukwama. Aliandika ripoti, akajibiwa kwamba kubadilisha muundo kutachelewesha mradi. Aliandika tena na tena, ripoti kumi na moja kwa miaka miwili, na jibu likawa lile lile, hadi Roselyne akamwambia, "Baba Nyambura, waachie, umewaambia vya kutosha."

Naye akamjibu, "Nikiwaachia, kuna mtu atakayekaa mle ndani."

Tarehe 7 Oktoba 2016 injini ilizimika ndege ikiwa juu ya bahari katika safari ya majaribio, rubani akashuka bila injini mpaka penye baridi nafuu, ikawaka tena, akatua salama. Uchunguzi ulisema ni tukio la nadra. Mwezi uliofuata Solomon aliletewa cheti cha kuthibitisha kwamba vali haina kasoro, akakataa kutia sahihi, akahamishiwa stoo, akakaa huko miaka mitano na zaidi, na hatutaficha kwamba uchungu ule haukumtoka, aliacha kwaya ya kanisa, akawa mkali mezani, hata Nyambura, ambaye hutujibu sote kwa Kiingereza, alijifunza kusema "Pole, Baba," kwa kuwa ndilo neno pekee lisilomuudhi.

Mwaka 2022 uongozi ulibadilika, mwenzake wa karakana, Bwana Gurbachan, akawapelekea wakubwa wapya zile ripoti, vali ikachorwa upya kama Solomon alivyopendekeza, ila jina lake halikuandikwa kwenye mchoro, wala hakurudishwa kwenye mradi.

Mei 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa kwa mwaka mmoja na nusu. Tarehe 19 Desemba 2024 Bwana Gurbachan alifika wodini akiwa amevaa sare ya kazi, akamnong'oneza kwamba ndege imeruka na vali mpya.

"Ilipanda hadi wapi?" Solomon akauliza.

"Kilomita kumi na tano."

"Ikakaa muda gani?"

"Dakika arobaini."

Akasema, "Miaka kumi, Gurbachan. Kuibadilisha vali ilikuwa kazi ya wiki sita."

Alifariki tarehe 9 Januari 2025, saa nne asubuhi, Roselyne na Nyambura wakimshika mikono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea chakula bila kuombwa, waumini wenzetu, na wenzake wa karakana waliomtembelea hata alipokuwa stoo. Familia haitasema kwamba imeridhika, bali inamshukuru Mungu kwa miaka hamsini na sita ya mtu aliyesema kweli na kuishikilia. Baba Nyambura, pumzika kwa amani.