Marehemu Torkel, Aliyetumwa Kuiteka Gotland

Marehemu Torkel Sigvardsson alizaliwa tarehe 29 Julai 1502 karibu na Kalmar, Uswidi, mtoto wa tatu wa Sigvard mshona viatu.

Alipelekwa kwa watawa ajifunze kusoma. Sala ya Baba Yetu aliishika hadi penye mkate wa kila siku. Hapo njaa ilimzidi, akaonekana jikoni. Watawa wakamrudisha nyumbani kwa heshima zote.

Mei 1524 mfalme wa Uswidi, aliyechoshwa na maharamia wa huku, alituma jeshi kukiteka kisiwa chetu. Torkel alibeba mkuki. Waliuzingira mji wa Visby, wakautazama ukuta kiangazi kizima, nao ukuta ukawatazama. Chakula kilipopungua, Torkel alitumwa huku Västkinde kuiba kondoo. Alichagua dume. Alivunjikia mguu uani kwa Rodvi binti Botulf, mjane kijana, ambaye alimfunga mguu kwanza, kisha ndipo akamtukana.

Vuli, wakubwa walipatana na jeshi likapanda merikebu bila yeye. Majirani wakaja na kamba, wakiongozwa na Hegvald, aliyekuwa amevimaliza vita vyote ndani ya ghala lake la shayiri. Rodvi alisimama mlangoni.

"Huyu kaangushwa na kondoo wangu, basi ni mateka wangu. Wewe Hegvald, wa kwako yuko wapi?"

Hegvald akaikunja kamba. Ikakubaliwa kwamba mguu ukipona, mgeni aondoke.

Mguu ulikawia mno. Torkel alichechemea hadi Pasaka, leo wa kulia, kesho wa kushoto. Mwishowe Rodvi akamwambia taratibu, "Torkel, chagua mguu mmoja, kisha twende kwa padri."

Walifunga ndoa Juni 1525. Tangu hapo aliishonea viatu parokia nzima, akitaniwa kwa lafudhi yake ya Kalmar, naye akijibu kwamba sisi tunaongea kama watu wenye uji mdomoni.

Februari mwaka huu alishikwa na kifua. Homa ilipopanda, aliomba maji kwa Kigotland kitupu, bila kosa hata moja. Rodvi, aliyemcheka ulimi maisha yao yote, aliweka kijiko chini akalia. Torkel alifariki tarehe 11 Machi 1571.

Ameacha mjane, Rodvi, wana, Botulf na Sigvard, binti, Gertrud, na wajukuu tisa, wote wenyeji wa hapa.

Mungu amlaze pema, kwao Gotland.