Mashine ya Yotham Haizimwi

Wapendwa katika Bwana, na ndugu zetu Waislamu mliokaa nasi tangu siku ya kwanza, poleni na msiba, poleni na vumbi la Mkonze. Mimi ni Lea, dada mkubwa wa marehemu, na ukoo umenipa kazi ya kusoma historia hii, ingawa jana kuna waliosema apewe mtu mwingine kwa sababu ya mdomo wangu. Hao nao poleni, karatasi ninayo mimi.

Mdogo wetu Yotham Ndahani alizaliwa Mvumi tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu wa mzee wetu Ndahani na mama yetu Ruthu, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma shule ya msingi hapohapo Mvumi kuanzia 1979 hadi 1985, kisha sekondari hapa mjini hadi 1989, na mwaka 1990 akaenda Dar es Salaam kwenye chuo cha maji, akarudi 1993 na stashahada yake, amekonda, na amejua kuogelea, jambo ambalo mama alisema huku Ugogoni halina kazi yoyote.

Tarehe 1 Februari 1994 aliajiriwa na ofisi moja ya maji hapa Dodoma, kazi yake ikiwa kupima ardhi ili ijulikane pa kuchimba kisima, maana wote mnajua huku kwetu unaweza kuchimba ukapata vumbi tupu, ukasogea kidogo ukapata maji ya chumvi, ukasogea tena ndipo ukapata ya kunywa. Tarehe 5 Oktoba 1996 alifunga ndoa takatifu na Emiliana, huyu mliyemwona amekaa kwenye mkeka, na Mungu akawapa watoto wawili, Anna aliyezaliwa 1998 na Joshua aliyezaliwa 2002.

Mwaka ule aliozaliwa Anna, wataalamu wa mradi mmoja wa maji walileta ofisini kompyuta ya aina wanayoiita Unix, yenye programu ya kugeuza vipimo vya ardhi kuwa picha ya rangi, ukaona mwamba uko wapi, chumvi iko wapi na maji yako wapi, halafu mradi ukaisha, wataalamu wakaenda kwao, kompyuta ikabaki. Mwaka 2004 ofisi ikaletewa kompyuta za Windows, hizi mnazozijua, na programu ile haikuweza kukaa ndani yake, basi ikaamuliwa itupwe pamoja na vipimo vyote vya miaka ile, kwa kuwa hakuna programu nyingine iliyoweza kuvifungua. Yotham akakataa.

Mimi elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo nasema kama alivyonieleza mezani. Aliniambia, "Dada, si unajua ng'ombe wako anaweza kukaa zizini kwa rafiki yako, akala huko, akazaa huko, na maziwa ukanywa wewe nyumbani kwako?" Basi ndivyo alivyofanya, programu ikaendelea kukaa na kufanya kazi ndani ya mashine ya Unix, na kwenye kompyuta za Windows akaweka programu ndogo ya kupokea, ambayo kazi yake ni kufungua dirisha, kuonyesha picha inayotoka kule, na kupeleka kule kile unachobofya huku. Wenzake walimcheka miaka mingi, akiingia ofisini wanamwamkia, "Bwana Madirisha, leo unamchungulia nani?" naye anawajibu, "Nachungulia chini ya miguu yako, sogea." Aliyekaa akajifunza kazi hiyo ni mmoja tu, binti Ikram wa Makole, ambaye nitamtaja tena.

Sitamsifu ndugu yangu kwa uongo mbele za Mungu. Yotham alikuwa mbishi, aliwahi kukosa ibada ya Pasaka kwa sababu dirisha lake moja lilikataa kufunguka, na mwaka 2016 alikosea, akawaonyesha watu wa Chilomwa mahali pa kuchimba, kisima kikatoka chumvi hata mbuzi wakageuza shingo. Siku hiyo Bibi Tabu wa kijiji hicho alionja, akatema, akamwambia, "Mwanangu, umetuletea bahari, basi rudi utuletee na samaki." Watu walicheka, yeye hakucheka, akawaahidi kuwa atarudi.

Mwaka 2018 ofisi ilisafishwa, mashine ikatolewa nje uani, naye Yotham akaiomba, akaruhusiwa, akaileta hapa chumbani kwake, akaifungia betri na umeme wa jua. Vyuma vyake amevibadilisha mara nyingi, vilivyobaki vya zamani ni programu na vile vipimo, na kutoka hapa Mkonze alifungua dirisha lake hadi kwenye kompyuta ya Ikram kule Makole kwa njia ya intaneti.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Mwezi huu mtambo wa kuchimba visima ulipofika Chilomwa, nao ni wa kuazima, Jumatatu ijayo unaondoka upende usipende, Yotham alichukua vipimo vyote vya Chilomwa, vya zamani pamoja na vipya, akaviingiza kwenye mashine tarehe 5 Juni, akamwambia Ikram, "Safari hii sibahatishi." Kesho yake alilazwa, na Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa kumi alfajiri, Bwana akamchukua, akiwa na miaka hamsini na minne. Mashine ilikuwa bado inapiga hesabu.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wengi mmelinong'ona tangu juzi, na mimi nitalisema kwa sauti. Jumatano asubuhi Baba Mdogo Matonya, ambaye namheshimu na shikamoo yangu haijawahi kumpita, aliagiza kila kitu cha umeme kizimwe kama ilivyo desturi ya nyumba yenye msiba. Redio nilizima mwenyewe, televisheni nikaifunika kanga, lakini kwenye chumba cha marehemu nikaweka kiti mlangoni nikakaa. Akaniuliza, "Lea, unaacha mtambo unanguruma wakati mwanangu amenyamaza?" Nikasema, "Baba, ule haupigi kelele, unafanya kazi." Akasema, "Kazi ya nani, na mwenyewe amekufa?" Nikasema, "Ya Chilomwa." Tulipokuwa tunapandishiana sauti hivyo, Emiliana aliinuka kwenye mkeka, akaniletea uji palepale kitini, akasema, "Mwacheni wifi akae," akarudi kulia.

Nakiri kuwa nilipaza sauti mbele ya wageni, na Baba Mdogo aliondoka bila kumaliza chai, na kwa sauti ile naomba radhi mbele ya jeneza hili. Kwa kiti siombi radhi. Na wale wanaosema kuna dirisha linajifungua lenyewe Makole wakati mwenye nalo yuko mochwari, kwamba huo ni uchawi, nawaambia uchawi hauna waya, njooni niwaonyeshe waya.

Mmeuliza pia kwa nini Ikram hayupo, mtu aliyefanya kazi na marehemu miaka yote hiyo hata kumzika ameshindwa, na maneno mengine mabaya zaidi yamesemwa juu yake hapo kwenye turubai. Hayupo kwa sababu nimemkataza mimi. Programu ile kila ikimaliza hatua inauliza swali kwenye dirisha lililo kwake Makole, isipojibiwa inasimama, na dirisha likifungwa hesabu yote inakufa, kwa hiyo amekaa mbele yake tangu Yotham alipolazwa, anasali hapohapo, anakula hapohapo, na leo asubuhi amenipigia simu analia, akasema picha imefika nusu, chumvi imeanza kuonekana ilipo, bado maji.

Kwa niaba ya ukoo nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Mkonze kwa kuni, maji na maturubai, kwaya, wenzake wa ofisini pamoja na waliomcheka, na wewe Baba Mdogo Matonya, uliyenuna siku mbili na leo umekuja kushika jeneza upande wa kichwa.

Tukifika kaburini nitatupa udongo mara mbili, wa kwanza ni wangu, wa pili ni wa Ikram, na asiwepo mtu wa kuniuliza tena. Yotham mdogo wangu, pumzika kwa amani ya Kristo, mashine inawaka, na ufunguo wa chumba ninao mimi.