Fungu la Mama Morag

Mchungaji, wazee wa baraza, wana Atafu wote, na dada yetu Ailsa, mdogo wa marehemu, uliyetoka mbali, mimi ni Manuele, shemeji wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake, mnivumilie sauti ikinikatika njiani.

Mama Morag Sinclair alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 katika mji wa Thurso, kaskazini kabisa mwa Uskoti, akiwa binti wa kwanza wa Mzee Donald, fundi wa reli, akasoma hapo hapo hadi sekondari, kisha akasomea ualimu Aberdeen, na mwaka 1971 akahamia Nyuzilandi kufundisha Porirua, alikokutana na kaka yangu Kalolo, wakafunga ndoa tarehe 12 Mei 1973, wakajaliwa Losa mwaka uliofuata.

Januari 1976 walihamia hapa kisiwani Atafu, na niseme ukweli, shemeji alishuka na Uskoti yake nzima, kitanda cha chuma, majani ya chai, nyama ya makopo, na kitasa cha mlango, cha kwanza kijijini, tukamcheka hadi mbavu zikauma. Kalolo akiwa safarini kwa kazi yake ya ubaharia, yeye alijifungia ndani na makopo yake, na kila mara samaki wa kijiji walipogawanywa uwanjani, nyumba kwa nyumba, fungu la nyumba yake lilibaki juani likijaa inzi, maana hakuna mtu wa Atafu anayegusa fungu la mwenzake.

Aprili makopo yakaisha, akafunga mizigo aondoke na mtoto, na asubuhi ya meli akapita uwanjani, akamkuta mgawaji wetu, Mzee Teleso, akiliweka fungu lake kama kawaida.

"Mzee, unaona kabisa naondoka, si uwape wengine?"

"Kwani umeshaondoka?"

"Bado."

"Basi bado unakula. Nimpe nani chako, na mwenyewe umesimama hapa unanibishia?"

Nilikuwepo. Aliyatazama yale mafungu, la mjane, la mgonjwa, la mwenye mtoto mchanga, akalia mbele za watu, akawaokota samaki wake kwa mikono miwili, na meli ikaondoka bila yeye. Mpaka leo nikikumbuka nastaajabu, kwamba watu wasio na kitu walimhesabu tangu siku aliyoshuka, naye alikuwa hajui.

Kitasa aliking'oa mwenyewe, akakaa mkekani, akasuka mikeka, vibaya mno kwa kweli, Iona akazaliwa hapa mwaka 1978, na shuleni kwetu akafundisha hadi alipostaafu mwaka 2009, mwaka uleule Kalolo alipomtangulia.

Februari 2023 madaktari wa Apia, ng'ambo ya bahari, walimkuta na saratani ya ini, na mwezi uliopita Ailsa akaja kumchukua akauguzwe Uskoti, nasi tukahofu ataondoka naye, maana dada ni dada. Shemeji akamshika mkono, akamwambia, "Ailsa, nilifika hapa na kiburi changu, wakanivumilia. Leo niwakimbie wakati wao wa kunizika?" Alifariki tarehe 17 Agosti, alfajiri, mikononi mwa wanawe.

Tunawashukuru madaktari wa Apia, wauguzi wa zahanati yetu, majirani mliomgeuza kitandani kwa zamu, walimu wenzake, na wewe Ailsa, uliyekuja na tiketi mbili za kurudia, na jana ukaniuliza, "Manuele, kesho msibani mimi nikae wapi?"

Kaa hapa mbele, dada, penye wafiwa.

Nawe Morag, shemeji yangu, umefika, pumzika.